Kompyuta Yenye Sauti ya Mama Yako

Asimwe,

Hivi kweli, mtoto niliyemlea mwenyewe, kutoka Kashai mpaka Kishanda hapa, nauli unayo, miguu unayo, na hujakanyaga kwangu tangu senene wa mwaka jana? Senene wamerudi, wamekaangwa, wameliwa. Fungu lako nililikausha nikaliweka kwenye kopo, likakaa, likakaa, mwisho nikalila mwenyewe kwa hasira. Unanitumia sauti kwenye simu: "Bibi shikamoo, Bibi niko bize." Bize na nini ambacho hakina Jumapili? Na sasa umenipangia nikusubiri kesho stendi ya Muleba, basi lisimame kidogo, nikupitishie kompyuta dirishani kama muuza mahindi, halafu uende zako Morogoro chuoni, nikuone tena sijui lini. Haya. Nitakuwepo. Nitakuja na mwavuli na mdomo wangu.

Anayeshika kalamu ni Restuta, jirani yetu, maana unajua mimi darasani sikuingia hata kuchungulia. Amevaa ile miwani yake ya kusomea kanisani. Ananiambia nipunguze ukali kidogo, mtoto anasafiri. Nimemwambia yeye aandike tu, ukali ni wangu.

Habari za kula vizuri, kulala mapema, kusali, sitakuandikia. Hizo unazijua, na usipozifuata shauri yako. Nakuandikia habari ya hiyo kompyuta uliyoipakata sasa hivi, kwa sababu ninaogopa. Siku zote hizi tangu ulipopata nafasi ya chuo nimekuwa ninaogopa, nikipika ninaogopa, nikipalilia ninaogopa. Watu wanadhani namwogopea mjukuu asipotee kwa wanaume. Wewe huwezi kupotea, una kichwa kigumu kama changu. Namwogopea Byera.

Mama yako yumo humo ndani, Asimwe. Kaburi lake liko hapa kwenye kibanja chetu cha migomba, nalipalilia, lakini kaburi halisemi. Anayesema ni yule wa kwenye kompyuta. Zile video alizokuwa anajirekodi kwa simu yake na wewe ukiwa mdogo, akazihamishia kwenye kompyuta hiyo aliyoinunua ikiwa imeshatumika, akawa anaichapia mitihani ya watoto wake wa shule. Simu ilikufa kabla yake. Kompyuta ikabaki. Na wewe ndiye uliyenifundisha kuifungua, unakumbuka? "Bibi, bonyeza hapa mara mbili, haraka haraka, kama unagonga mlango wa mtu unayemdai." Nilijifunza. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa nakaa naye. Mwanamke asiyejua a wala be, lakini mwanangu namfungua mwenyewe.

Sasa nikueleze lilivyotokea. Nusu unaijua, nusu sikukuambia.

Alipofariki mzee wa ukoo wetu kule Maruku, miguu yangu ilikuwa imevimba, sikwenda kuzika. Unajua ilivyo kwetu. Usipofika msibani, msiba unakufuata. Siku hizi unafuata kwa flashi. Akaja Kamugisha, mtoto wa dada yangu, yule mwenye viatu vilivyochongoka na maneno mengi, flashi imening'inia shingoni kama msalaba. Nikamtolea akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, akatafuna, akasema:

"Ma, nimekuletea mazishi. Nyumba zote zimeshaangalia, umebaki wewe."

"Nyumba zote?"

"Zote. Maruku yote, nikashuka nayo Bukoba mjini, nikapita nayo stesheneri kupunguza ukubwa, nikaja nayo Kamachumu, na sasa kwako. Imezunguka kuliko askofu."

Nikacheka. Asimwe, nilicheka! Na ningekataaje? Mtu kabeba mazishi ya mkubwa wetu, uende umwambie hapana, flashi yako haiingii kwangu? Wangesema namkataa marehemu. Nikaichomeka kwa mkono wangu mwenyewe. Majirani wakajaa sebuleni, tukalia upya, tukahesabu nani alikuja na nani hakuja, rubisi ikanywewa, wakaondoka.

Jumapili iliyofuata nikagonga mlango wa Byera mara mbili haraka haraka. Hakuna mtu. Lile boksi la njano lenye picha zake lilikuwa limegeuka, lina mshale mdogo pembeni, na kila nikigonga linafungua lingine lenye mshale, na lingine, zote tupu. Nilikaa pale na nguo za kanisani mpaka ndizi zikaungua jikoni. Nilimzika mwanangu mara moja nikadhani imetosha.

Nilijua ni nini kabla ya mtu yeyote kuniambia. Virusi sikuvijua, lakini nilishawahi kuona kitu hicho hicho kwenye migomba.

Wewe ulikuwa bado unanyonya. Mnyauko uliingia Muleba, migomba ikawa inapinda majani kama iliyomwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata ndani unatoka usaha wa njano. Wakaja mabwana shamba kutoka Maruku, wakatukusanya, wakasema ugonjwa huu unatembea kwa panga. Unakata mgomba mgonjwa, unakuja kukata mzima na panga lile lile, umeupanda mwenyewe. Wakasema kila ukitoka mgomba mmoja kwenda mwingine, panga lipite motoni kwanza. Tukawacheka. "Panga likapikwe?" Mimi ndiye niliyesema hivyo, na watu wakacheka kweli kweli, nikajiona mjanja. Siku zile kazi ya shamba tulikuwa tunasaidiana, leo kwangu, kesho kwako, na mtu akija kukusaidia anakuja na panga lake. Utamwambiaje mtu aliyekuja kukusaidia kwamba panga lake ni chafu? Wakaingia na mapanga yao yote.

Kibanja kile nilikabidhiwa na mama mkwe wangu. Migomba aliyoipanda yeye ilikuwa bado inazaa. Niling'oa yote, nikaichoma, nikakaa bila ndizi nikinunua ndizi sokoni kama mtu asiye na kwao. Mama yako akarudi kutoka shuleni kwake akanikuta nimekaa juu ya visiki, akaniambia, "Ma, simama, tupande upya." Tangu hapo panga halivuki mlango wangu bila kupita kwenye moto, liwe la nani. Wananiita bibi wa moto. Waniite.

Halafu nikakaa, na akili hiyo yote, nikachomeka flashi iliyozunguka Kagera nzima. Sikuiona kuwa ni panga. Ilikuwa ndogo, nzuri, na ilikuja na msiba.

Nikampigia Kamugisha. Akaja siku hiyo hiyo, hilo nampa, hakuchelewa. Akasema, "Ma, hivyo ni virusi vidogo. Unahitaji antivairasi. Ninayo ya rafiki yangu, ile ya kulipia, lakini yeye ameivunja kufuli, tunatumia bure." Nikamuuliza, hiyo dawa ya kuibiwa nani anajua ndani ina nini? Akacheka. "Ma, hii si dawa ya hospitali." Akaiweka. Akaona haijafanya kitu, akaweka na nyingine juu yake. Kwa hiyo kompyuta ikawa na walinzi wawili, kila mmoja anamwona mwenzake mwizi. Wakashikana. Kuiwasha ikawa unaweza kwenda kuchota maji ukarudi inazunguka tu. Nikitaka kufungua chochote kinatokea kibao chekundu kinapiga kelele, Kamugisha akanisomea: kompyuta yako iko hatarini, bonyeza hapa sasa hivi. Sasa mimi kitu kikiniambia sasa hivi, nafanya nini? Nikabonyeza.

Baada ya hapo kile kitaa kidogo karibu na jicho la kompyuta, pale juu, kikaanza kuwaka chenyewe. Kamugisha alikuwa ameshaondoka. Ilikuwa mchana, mimi peke yangu, nimejifunga kanga tu natoka kuoga. Niligeuza kompyuta ikatazama ukuta, nikaifunika na gunia la kahawa. Nilijiambia labda ni kuharibika tu. Lakini ukishaona jicho linafumbuka ndani ya nyumba yako bila wewe kulifungua, hulali vizuri tena. Na wewe unaenda kuiweka kitandani kwako, kwenye bweni. Kabla ya kitu kingine, kata kipande cha plasta ukifunike kijicho hicho. Ukikihitaji, utabandua.

Nikaibeba mpaka Kashai. Ndiyo, Kashai, ulikosoma wewe, unakokaa. Unaona sasa kwa nini nilisema kuna nusu sikukuambia. Nilishuka kwenye bodaboda na begi kifuani, fundi wa kompyuta yuko nyuma ya maduka ya nguo, akafungua, akaangalia, akapiga mluzi.

"Bibi, humu ndani kuna harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ya virusi. Wamekuja na ndugu zao. Nani alikuwekea hizi antivairasi?"

"Mtoto wa dada yangu."

"Mwambie awe daktari wa mifugo, udaktari wa kompyuta umemshinda."

"Usimtukane mtoto wa dada yangu. Nitamtukana mimi. Mwanangu yumo?"

Akaniuliza mwanangu gani. Nikamweleza. Akaacha utani, akavuta kiti, akaniambia kaa. Akasema kuna virusi vinavyokula na kuna vinavyoficha. Cha kwenye flashi ni cha kuficha, anaamini video bado zimo. Lakini kile nilichobonyeza mimi, kile chekundu, hakuwa na hakika nacho. Akasema nirudi jioni.

Nikatoka. Nikapita kwenye ule uchochoro wa kwenu. Niliiona kanga yako ya njano kwenye kamba. Nilikuwa mlangoni pako, Asimwe. Nilikusikia unacheka ndani na wenzako. Unacheka kama yeye, unaanza chini halafu unapanda. Mkono nikauinua kugonga, nikaushusha. Niliogopa utaniuliza, "Bibi, umefuata nini Kashai?" na nitajibu nini? Kwamba nimempoteza mama yako kwa flashi? Nikaenda kukaa kwenye ngazi za duka moja mpaka jioni. Kwa hiyo ninapokugombeza kwamba huji, ujue na mimi nilifika nikageuka.

Jioni fundi akanionyesha. Byera akatoka. Byera akisuka, Byera akikuogesha, Byera na wanafunzi wake wanaimba. Nililia mbele ya wateja wake, na sikuona aibu. Ila moja haikurudi. Jina lake lipo lakini ndani haifunguki. Alijaribu mbele yangu, akajaribu tena, akatikisa kichwa. Ni ile amesimama mlangoni, mwiko mkononi, anakuita uje ule: "Asimwe! Asimwe wange! Njoo, ndizi zinapoa!" Na wewe unakuja unakimbia kutoka kwenye mibuni, pua inakutoka.

Hiyo haipo tena. Sikujua nikuambie vipi. Nimekuambia.

Restuta ameweka kalamu chini anafuta miwani. Nimemwacha kidogo. Haya, anaendelea.

Fundi akafuta kila kitu cha Kamugisha, akaisafisha, akaiwekea mfumo mpya. Nikamwambia, niwekee na antivairasi nzuri. Akasema ndani yake imo moja tayari, inakuja na kompyuta yenyewe, na kwa bibi wa Kishanda asiye na intaneti inatosha ukiiamsha. "Lakini huyo anayekwenda chuo, bwenini, flashi za watu kila siku, achague mwenyewe akijua anachochagua." Nikakubali nisikuchagulie. Nilimchagulia mama yako mambo, mengine yakamwumiza. Hili ni lako. Lakini sikukaa kwa yule fundi bure, nilimhoji mpaka akaomba chai, na nakuambia nilichoshika.

Iwe moja. Hiyo iliyokuja na kompyuta, au nyingine unayoiamini, usiziweke mbili zikapigana juu ya kichwa cha mama yako. Usiipokee kwa flashi ya rafiki, hata rafiki awe mzuri namna gani. Ifuate kwa wenyewe walioitengeneza, kwenye mlango wao kwenye intaneti, usome jina vizuri, maana fundi anasema wapo wanaojenga mlango unaofanana. Kompyuta yetu imezeeka, kwa hiyo usiibebeshe ile yenye mapambo mengi, itapiga magoti. Ukichagua ya kulipia, jua inaisha lini, kwa sababu ikiisha inabaki pale pale na ngao yake, inaonekana mlinzi kumbe ameshalala. Na hata ya bure lazima ilishwe bando, isasishwe, magonjwa mapya hayangoji. Najua utataka kubana bando uangalie vichekesho. Usimbanie mlinzi chakula chake.

Kubwa kuliko yote, uliza kama inaonja. Unajua kwetu rubisi mwenye nyumba anaonja kwanza ndipo mgeni anapewa. Antivairasi iwe hivyo, flashi ikiingia iikague kabla hujafungua chochote, siyo ipige kelele baadaye umeshameza. Na kitu chochote kikitokea kwenye kioo kikakuambia bonyeza sasa hivi, wewe kaa. Vuta pumzi. Funga. Mimi nilibonyeza.

Na hata ufanye yote hayo, bado ninaogopa, kwa sababu fundi nilimwuliza, "Nikifanya hivi vyote yuko salama?" akasema hapana, Bibi, anapungukiwa hatari tu. Nilitaka kumpiga na mwavuli. Lakini ni kweli, hata panga la motoni halikuzuia kila kitu, wadudu nao wanaupitisha ugonjwa kwenye maua ya mgomba. Ndiyo maana nimefanya la mwisho. Video zote zilizobaki fundi amezinakili kwenye eksteno, kidude cheusi cha kuhifadhia, kama sabuni, nimeifunga kwenye kitambaa cha Byera cha kichwani, iko kwenye sanduku langu la chuma chini ya kitanda. Haiunganishwi na kitu chochote, na hakuna anayeigusa. Kamugisha aliniomba aangalie "kidogo tu". Nilimwonyesha mlango.

Utakutana na watu wazuri huko. Watakuja chumbani, wamechoka, kesho wana kazi ya kukusanya, flashi mkononi: "Asimwe, tafadhali, nichapishie hii tu." Na wewe umelelewa hapa, hujui kumfukuza mgeni. Sikuambii uwafukuze. Wapokee, wape chai, wape kiti. Flashi ipite motoni kwanza. Wakicheka, waambie una bibi mwendawazimu huko Kagera. Mimi nimechekwa, sikufa. Nilikufa ndani siku ile nilipowachekesha wengine.

Giza linakaribia na Restuta hataki kurudi kwake usiku. Kesho dirishani sitasema haya, nitakugombeza kwa sababu umekonda, kondakta atapiga kelele, basi litaondoka. Kwa hiyo nayasema hapa. Wewe ndiye uliyenifanya nisimame baada ya Byera. Ulikuwa na meno mawili yaliyong'oka na ulinikamata sketi, ukasema una njaa. Nikaenda jikoni. Nimekuwa nikienda jikoni tangu siku hiyo.

Sasa sikiliza. Likizo ya kwanza, hutanisalimia kupitia dirisha la basi. Utashuka na begi lako lote, utakuja mpaka nyumbani na utalala hapa mpaka nikuchoke. Sukari usilete. Njoo na kompyuta, ikiwa nzima, na ukifika usiingie ndani kwanza. Kaa kule kwenye mibuni, uiweke tayari kurekodi, unielekezee. Mimi nitatoka mlangoni na mwiko. Watu wanasema sauti yangu na ya Byera zilikuwa moja, ya kwangu imekwaruza tu. Nitakuita kama alivyokuita, maneno yale yale, na wewe uje unakimbia.